Usizilalie Data Zako, Mdogo Wangu

Njoo ukae hapa karibu, mdogo wangu. Nimesikia umemaliza kuzunguka Endagikot, kule Mbulu, na madodoso yako, na sasa majibu yote umeyafungia kwenye laptopu, hata mwenzako wa darasani hutaki ayaone. Unaogopa kuibiwa kazi. Hofu hiyo wengi tumeipitia, sikulaumu. Ila mficha uchi hazai.

Mimi nilipokuwa chuoni nilikusanya habari za maharage na kitunguu saumu, kaya kwa kaya, asubuhi zile za ukungu, viatu vimeganda tope. Zote nikaziweka kwenye laptopu moja, ikaibiwa stendi. Nililia mpaka sauti ikakauka, kisha nikarudi kijijini kuanza upya. Mama mmoja akanimiminia chai, akanitazama. "Mwanangu, si uliniuliza haya haya mwaka jana? Majibu yangu uliyapeleka wapi?" Sikuwa na la kusema. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ile haikuwa yangu peke yangu.

Kwa hiyo usisubiri yakukute. Weka nakala kwenye flashi, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo chako, yenye jina lako na tarehe, wenzako waione. Tarehe hiyo ndiyo ngao yako. Atakayedokoa ataumbuka mwenyewe. Eleza ulivyouliza, kaya ulizoziruka, hata lile ulilotarajia ukalikosa. Najua hilo la mwisho linatia aibu, hasa msimamizi akikunja uso. Liandike hivyo hivyo, mwenzako asije akapoteza mwaka kwenye njia uliyokwisha kuiona haipitiki.

Lakini nisikie umeanika majina ya watu, tutagombana! Jina, namba ya simu, ugonjwa wa mtu, ondoa kabla ya yote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule aliyekufungulia mlango alikuamini. Tazama Haydom, huko huko Mbulu. Utafiti wa MAL-ED, ulioanza 2009 katika nchi 8, ulifuatilia watoto tangu wachanga, na data zake zikawekwa mahali ambapo watafiti wengine wanaweza kuzifikia bila kumjua mtoto ni wa nani. Inawezekana, mdogo wangu. Mwaka 2021 UNESCO nayo ilipitisha pendekezo la sayansi huria, yaani kushirikishana data na matokeo, basi ukiambiwa ni mambo ya wazungu, usikubali haraka.

Na waliokujibu usiwasahau. Kuchapisha kwenye jarida la Kiingereza si kuwafikia. Nilipomaliza, niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili nikampelekea yule mama. Mjukuu wake akamsomea taratibu, naye akitikisa kichwa, mpaka walipofika kwenye mavuno.

"Hapo umekosea," akasema. "Magunia yalikuwa matatu, si matano."

Nilisahihisha usiku ule ule.