Kutafuta Kazi Mtandaoni: Umuhimu wa Wanaotufahamu kwa Mbali

Mpanda ipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, ambako kampuni na mashirika mengi yana makao makuu. Tangazo la kazi hufika huku likiwa limebakiza siku chache, na pengine muda wake umekwisha kupita. Mhitimu anayetegemea ndugu na majirani husikia yale tu ambayo wao wameyasikia, na mara nyingi nao wanatafuta kazi kama yeye.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu watu waliopata kazi kupitia wanaowafahamu. Asilimia 16.7 tu walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 walisaidiwa na mtu wanayeonana naye kwa vipindi, na asilimia 27.8 na mtu wanayeonana naye kwa nadra. Sababu yake si kwamba ndugu hana moyo wa kusaidia. Ndugu anaishi katika mzunguko uleule wa habari, ilhali mtu wa mbali huingia mahali ambapo mtafuta kazi hajafika. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, nao wakaona kuwa watu wanaofahamiana kwa kiasi huleta ajira mpya zaidi kuliko marafiki wa karibu kabisa.

LinkedIn ni mtandao wa kijamii wa wanataaluma, ulioanza kutumika mwaka 2003. Kujiunga hakulipiwi, gharama ni bando la intaneti. Mwanachama huandika wasifu wake, kisha huomba kuunganishwa na watu wengine. Wengi hukosea hapa: hujaza jina na picha, huandika “natafuta kazi yoyote”, kisha husubiri. Mwajiri hutafuta watu kwa kuandika jina la ujuzi, na “kazi yoyote” si ujuzi.

Mathalani, kijana mwenye stashahada ya misitu aliyeshiriki doria katika msitu wa kijiji wilayani Tanganyika, ambako vijiji vinanufaika na biashara ya hewa ya ukaa, ana jambo la kuandika. Aeleze alifanya doria kwa miezi mingapi, alitumia vifaa gani, na aliandaa taarifa za namna gani. Vivyo hivyo kwa aliyepima tumbaku katika chama cha msingi cha ushirika au kutunza hesabu za ghala la mpunga. Kazi ya kujitolea nayo ni kazi, ilimradi iandikwe kama ilivyokuwa, bila chumvi.

Baada ya hapo aanze na wale anaowafahamu kidogo: waliosoma naye chuo wakaajiriwa mikoa mingine, mkufunzi aliyemsimamia, ofisa aliyekutana naye katika mafunzo kwa vitendo. Ujumbe uwe mfupi na wenye heshima, ukikumbusha walifahamiana wapi na kuuliza swali moja linalojibika, kwa mfano shirika lao hutangaza nafasi wapi. Kumwomba kazi mtu katika ujumbe wa kwanza humfanya akae kimya.

Ifahamike kuwa kufahamiana hakuchukui nafasi ya maombi rasmi. Nafasi za Serikali, zikiwamo za halmashauri, huombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kujisajili kunahitaji namba ya utambulisho ya NIDA, hivyo asiyekuwa nayo aishughulikie kabla tangazo halijatoka. Hati za matokeo hazipokelewi badala ya cheti, na barua ya maombi isiyotiwa saini humwangusha mwombaji mwenye sifa zote.

Matapeli nao wamo humo humo. Hujifanya maofisa ajira, hutumia nembo za taasisi zinazojulikana, kisha hudai fedha za “fomu”, “vipimo vya afya” au “nauli ya usaili”. Familia ikiuza gunia la mahindi ili kulipa fedha hizo, hupoteza mahindi na kazi haipo. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji. Anayedaiwa malipo asitume chochote, wala asitoe nakala ya kitambulisho au namba ya siri ya simu. Kama dai limekuja kwa ujumbe mfupi, ujumbe huo na namba iliyoutuma vitumwe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli ambayo ni ileile kwa mitandao yote ya simu nchini. Aliyekwisha kutuma fedha awahi kutoa taarifa kwa mtandao wake wa simu na kituo cha polisi kilicho karibu, akiwa na ujumbe wa muamala.