Kumbukumbu za Usharika: Tuzifunge kwa ZIP, RAR au 7z?



Kazi ya misheni ya Bethel ilianza Mlalo mwaka 1891, na sharika nyingi za Usambara zinatunza vitabu vya zamani vya ubatizo. Kwa mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, mstari mmoja wa kitabu hicho waweza kumsaidia anapoomba kusajiliwa RITA. Unyevu wa milimani hauihurumii karatasi, hivyo tunashauri kila kamati ipige picha kurasa zote. Kitabu kimoja chaweza kutoa picha mia tatu, nazo hazifai kuzagaa kwenye kompyuta.

Kwanza tuelewane kuhusu kubana. Programu hutafuta yanayojirudia: neno “Lushoto” likitokea mara elfu katika taarifa, huandikwa mara moja na kwingine huwekwa alama fupi. Kwa hiyo taarifa na orodha za mahesabu hupungua sana. Picha za JPEG zimekwisha kubanwa tangu kwenye kamera, na anayetegemea ZIP izipunguze ili barua pepe ipite atasubiri bure. Faida ya kuzifunga ni kuziweka pamoja.

ZIP ilitolewa na Mmarekani Phil Katz mwaka 1989, na maelezo yake yakatangazwa wazi kwa kila mtu. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na uwezo wa kuifungua, na zilizofuata pia. RAR ya Mrusi Eugene Roshal (1993) inaweza kuongezewa sehemu ya kujirekebisha ikiharibika, lakini programu ya kuitengeneza ni ya kulipiwa. 7z ya Igor Pavlov (1999) ni ya bure, na kwa kawaida hubana kuliko ZIP. Windows 11 ilianza kufungua hizi mbili mwaka 2023 tu. Kompyuta kuukuu ya ofisi ya usharika itahitaji programu ya ziada.

Kwa kumbukumbu za kudumu sisi tunachagua ZIP, wala si kwa sababu ya ukubwa. Ndani ya ZIP kila faili hubanwa peke yake. Ukurasa mmoja ukiharibika, mingine kwa kawaida huokolewa. 7z mara nyingi hubana mafaili kama mkate mmoja, na kasoro ya mwanzoni huweza kuharibu yanayofuata. Ila ZIP huweka orodha ya yaliyomo mwishoni. Mtandao ukikatika kabla faili halijafika lote, kompyuta itasema limeharibika. Litumeni upya kabla ya kukata tamaa.

Nakala ya kudumu isiwekwe neno la siri; makatibu hubadilika, na neno husahaulika. Itunzwe tu mahali panapofungwa kwa ufunguo. Majina ya waumini yakilazimika kusafiri, hapo tumieni 7z yenye neno la siri, mkalitaja kwa simu, kwani ulinzi wa ZIP za zamani ni dhaifu.

Fungeni kitabu kimoja kwa faili moja, lenye jina la usharika na miaka, mkalijaribu kwenye kompyuta nyingine. Nakala moja ikae usharikani, ya pili jimboni. Kitabu chenyewe kibaki kabatini.