Maandamano ya haki sawa na waliowekwa nyuma ya jukwaa

Kila ifikapo tarehe 28 Agosti, vyombo vya habari duniani hurudia hotuba aliyoitoa Dk. Martin Luther King mjini Washington mwaka 1963. Siku ile watu wapatao 250,000, weusi kwa weupe, walijaa mbele ya sanamu ya Abraham Lincoln kudai ajira na uhuru kwa Wamarekani weusi. Ni siku kubwa na hakuna awezaye kuipunguzia hadhi. Lakini ndugu msomaji, somo la leo haliko kwenye hotuba. Liko kwenye orodha ya wasemaji: nani aliitwa mbele, nani aliambiwa akae, na nani alifanya kazi yote akapewa unaibu ili asionekane sana.

Tuanze na huyo wa mwisho. Bayard Rustin alizaliwa mwaka 1912 West Chester, Pennsylvania, akalelewa na bibi yake katika madhehebu ya Kikristo yanayokataa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa jela kwa kukataa kuingia jeshini. Mwaka 1956, weusi wa Montgomery walipokuwa wamegomea mabasi ya kibaguzi, alikwenda huko kumsaidia King, wakati huo kijana wa miaka 27, kuielewa mbinu ya kupambana bila silaha. Hata mji wetu wa Dar es Salaam aliufikia. Mapema mwaka 1962 alikuwa hapa na wenzake wakiandaa matembezi ya kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kuunga mkono harakati za Kenneth Kaunda. Matembezi hayo hayakufanyika kwa kuwa siasa ilielekea kwenye uchaguzi.

Kwa maandamano ya 1963 alikuwa na muda wa kama miezi miwili tu. Akapanga mabasi yanayokadiriwa kuzidi 2,000 na treni maalumu 21, akafikiria maji ya kunywa, vyoo, vipaza sauti, na chakula kisichoharibika juani. Aliwachukua askari weusi wa New York waliojitolea akawafunza kulinda umati bila bunduki. Aliyewahi kuandaa hata maulidi ya mtaa mmoja anajua kazi hiyo ikoje.

Hata hivyo uongozi wa juu hakupewa. Baadhi ya wakubwa wa harakati, akiwemo Roy Wilkins, walipinga. Mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu weusi wa treni, ndipo alipotumia busara: akaukubali ukuu yeye, kisha akamteua Rustin kuwa naibu wake. Sababu ya pingamizi ni kwamba Rustin aliwahi kuwa mkomunisti ujanani, alifungwa kwa kukataa jeshi, na mwaka 1953 alikamatwa Pasadena, California, kwa kosa la kujamiiana na wanaume, akafungwa siku 60.

Msomaji wa safu hii anajua dini imesema nini kuhusu tendo hilo, nami sikuja kulifungua upya. Ninachouliza ni kitu kingine. Katikati ya Agosti 1963, Seneta Strom Thurmond wa South Carolina alisimama Seneti akaisoma rekodi ile ya polisi mbele ya taifa zima. Je, alikuwa akilinda maadili? Huyu ndiye aliyegombea urais mwaka 1948 kwa sera ya kutenganisha weupe na weusi. Na mwaka 2003, miezi michache baada ya kifo chake, mama mmoja mweusi, Essie Mae Washington-Williams, alijitokeza kueleza kuwa Thurmond ni baba yake. Alizaliwa mwaka 1925 na msichana wa miaka 16 aliyekuwa mtumishi wa ndani nyumbani kwa wazazi wa Thurmond, na familia ya seneta ikakiri. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na siri kama hiyo chumbani mwake ndiye aliyechungulia chumba cha mwenzake, tena si kwa ajili ya Mungu, bali ili mtu mweusi aendelee kunyimwa kura na kazi.

Inauma zaidi kwamba Thurmond hakuwa wa kwanza. Mwaka 1960, Adam Clayton Powell, mbunge wa Harlem, mweusi na mchungaji wa kanisa, alitishia kueneza uongo kwamba King na Rustin wana uhusiano wa kimapenzi, iwapo wasingeacha maandamano waliyopanga kwenye mkutano mkuu wa chama chake. King akasita kumtetea rafiki yake, na Rustin akajiuzulu. Kwa maoni yangu hapo King alipungukiwa. Miaka mitatu baadaye, Thurmond alipofanya yake, Randolph alitangaza kuwa ana imani kamili na Rustin, na viongozi wengine safari hii hawakumkimbia. Fitina ikaishia hapo. Nishani ya juu ya nchi yake Rustin aliipata kwa Rais Obama mwaka 2013, akiwa na miaka 26 kaburini.

Sasa tuwatazame wanawake. Viongozi wakuu kumi wa maandamano walikuwa wanaume watupu. Katika kamati ya maandalizi alikuwemo mwanamke mmoja, Anna Arnold Hedgeman, na alipoona ratiba haina msemaji mwanamke aliandika kulalamika. Majibu yalikuwa kwamba wanawake wamo tayari ndani ya vyama, na kumchagua mmoja kungewaudhi wengine. Ajabu ni kwamba hoja hiyo haikutumika kwa wanaume! Mwishowe likapatikana jambo la kati: wanawake mashujaa watambulishwe wasimame, watu wapige makofi. Rosa Parks, aliyekataa kuachia kiti mwaka 1955, alisimama akaonekana. Daisy Bates, aliyewasimamia watoto tisa weusi wa Little Rock kuingia shule ya weupe mwaka 1957, alisema maneno machache sana, akaketi. Baadaye viongozi walipokwenda Ikulu kuonana na Rais Kennedy, hakuna mwanamke aliyekuwa kwenye msafara.

Mwanasheria Pauli Murray hakunyamaza. Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha North Carolina kilimkataa kwa kuwa ni mweusi. Mwaka 1940 alikamatwa Virginia kwa sababu ya kiti cha basi, miaka 15 kabla ya Rosa Parks. Mwaka 1944 alimaliza sheria Chuo Kikuu cha Howard akiwa wa kwanza darasani, akaomba Harvard, nako wakamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa zikiitwa Jim Crow, jina la kiume. Murray akasema Jim ana dada, anaitwa Jane Crow. Karatasi zake zilizobaki baada ya kifo chake mwaka 1985 zinaonyesha kuwa moyo wake nao ulielekea kwa wanawake wenzake, jambo ambalo hakulitangaza maishani. Mtu huyu mmoja alikutana na milango mitatu iliyofungwa, na kila mlango ulikuwa na walinzi wake.

Siku mbili kabla ya maandamano, Randolph alikubali kuhutubia klabu ya waandishi wa habari Washington, ambayo haikuwapokea wanawake kuwa wanachama na iliwaweka waandishi wa kike juu, kwenye roshani. Murray akamwandikia kwa ukali kuwa roshani ile haina tofauti na kiti cha nyuma cha basi. Randolph, mtu mwadilifu aliyesimama na Rustin bila kutetereka, hapa hakuona tatizo. Akaenda kuhutubia.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Randolph hakuwa mnafiki. Alikuwa ameizoea dhuluma moja kiasi cha kutoiona, wakati ile iliyomgusa mwenyewe aliiona vizuri sana. Sisi nasi tunapolalamika, kwa haki kabisa, juu ya nafasi zetu katika elimu na ajira, tutazame na vikao vyetu. Akina mama wanachanga, wanapika, wanafundisha watoto madrasa, lakini hesabu zinasomwa wao wakiwa nyuma ya pazia, na kipaza sauti hakifiki huko. Malcolm X, El-Hajj Malik El-Shabazz, baada ya Hija na safari yake ya Afrika ya mwaka 1964 iliyomfikisha Dar es Salaam na Zanzibar, alisema waziwazi kuwa nchi alizoziona zikipiga hatua ni zile zilizompa mwanamke elimu na nafasi.

Murray aliendelea na kazi yake ya sheria. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokea kesi ya Sally Reed, mama wa Idaho aliyetaka kusimamia mirathi ya mwanawe, wakati sheria ya jimbo ikisema mwanaume atangulizwe. Mama yule alishinda. Ruth Bader Ginsburg, aliyeandaa hoja zake, aliliweka jina la Pauli Murray kwenye jalada, ingawa Murray hakushiriki kuziandika hoja zile. Alitaka ijulikane zilitoka kwa nani.