Mkutubi Ndani ya Somo

Katika vyuo vingi mkutubi hukutana na wanafunzi wapya mara moja tu, katika juma la kwanza. Huwaonyesha katalogi na rafu, kisha huwaacha. Miezi miwili baadaye, mwanafunzi apewapo insha ya kuandika, huwa amekwisha sahau yote, naye huona haya kuuliza. Si kosa lake: alifundishwa kabla ya kuwa na haja.

Patricia Knapp, mkutubi wa Marekani, aliuchunguza uazimaji wa vitabu katika Chuo cha Knox. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 1959, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vitabu iliazimwa kwa ajili ya kozi chache tu. Kumbe kilichompeleka mwanafunzi maktabani hakikuwa bidii yake peke yake, bali jinsi mwalimu alivyolipanga somo. Kuanzia mwaka 1960, katika Chuo cha Monteith mjini Detroit, Knapp aliwaunganisha wakutubi na walimu katika kutunga kazi za wanafunzi.

Njia hiyo ilistawi zaidi katika chuo kidogo cha Earlham, jimboni Indiana, ambako Evan Farber aliongoza maktaba tangu 1962 hadi 1994. Huko mkutubi aliingia darasani wakati wanafunzi walipokuwa tayari na kazi mkononi, akafundisha yale tu yaliyohitajika kwa kazi hiyo. Biolojia ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotangulia.

Tuseme mada ni mbu waenezao malaria. Mwanafunzi huanza na kamusi elezo ili apate istilahi, kwani asiyejua jina la Anopheles hataweza kutafuta lolote katika faharasa. Kisha hutafuta makala moja nzuri. Orodha ya marejeo mwishoni mwake humrudisha nyuma kwenye kazi za zamani. Faharasa ya manukuu, ambayo siku hizi hupatikana kwa kompyuta, humpeleka mbele kwenye kazi mpya zilizoitaja makala hiyo. Hatua hii ya pili ndiyo isiyojulikana na wengi, hata miongoni mwa walimu.

Shule ya sekondari yenye rafu tatu za vitabu yaweza kuanza vivyo hivyo. Mwalimu humpa mtunza maktaba swali juma moja kabla ya darasa, naye hujaribu kulijibu kwa vitabu vilivyopo. Kama jibu limo katika kitabu kimoja tu, na wanafunzi ni arobaini, swali hubadilishwa au kitabu huzuiwa kisiazimwe nje.