Pua ya Panya Buku: Somo la Sayansi

Wanachuo waendao kufanya mazoezi ya kufundisha Bukoba na Muleba hutuuliza watafundishaje milango ya fahamu pasipo vifaa. Vifaa vimo jikoni. Twaa makopo matatu: la kahawa ya kutafuna, la dagaa wakavu na la ndizi mbivu. Yafunike kwa kitambaa, wanafunzi wanuse, kisha waandike walichotambua.

Hapo umlete panya buku, ambaye watoto (nasi watu wazima vilevile) humjua kwa wizi tu. Tangu mwaka 2007, huko Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewatumia panya hao kutambua kifua kikuu katika makohozi. Vijidudu huuawa kwanza kwa joto. Panya hupita juu ya matundu yenye sampuli. Akiipata harufu ya ugonjwa hutulia hapo sekunde chache, na akipatia katika sampuli zilizokwisha kujulikana hupewa ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi. Kwa hesabu za shirika hilo, mtaalamu mwenye darubini angehitaji siku nne.

Uliza: panya hasemi, alifundishwaje? Usiwaharakishe. Atakayejibu "kwa ndizi" ameigundua kanuni yenyewe.

Jambo moja lataka uangalifu. Panya hushuku tu. Maabara ndiyo huthibitisha. Basi mtoto aliyekohoa majuma mawili asinuswe wala kuchekwa darasani. Mwalimu aonane na mzazi wake faraghani, mtoto apelekwe zahanati.