Wanafunzi wanarudia makosa yaleyale

Swali: Nafundisha usanifu wa mitambo chuoni. Kila mradi wanafunzi hurudia makosa ya awali. Nifanyeje?

Jibu: Usingoje ripoti ya mwisho, humo mwanafunzi hujitetea badala ya kujichunguza. Donald Schön wa MIT alieleza mwaka 1983 jinsi mtaalamu anavyotafakari kazi ikiwa bado mkononi. Basi kabla ya kujaribu, tuseme, pampu aliyoibuni, kila mmoja aandike daftarini anachotarajia na sababu yake: itatoa lita ngapi kwa dakika, itavuja wapi. Baada ya jaribio alinganishe, aeleze dhana iliyompotosha na atakachobadili. Dakika 10 zinatosha. Nakusihi, daftari hilo usilipe alama kwa ubora wa pampu, la sivyo wataandika ya kukufurahisha tu. Mradi unaofuata uanze kwa kulisoma.