Uzazi na Msiba: Si Kila Maumivu ni Ugonjwa



Somo letu linahusu mambo mawili ambayo hakuna nyumba inayoyaepuka: kuzaa na kufiwa. Zamani mambo haya yalikuwa ya jamaa na majirani. Siku hizi, kwa sehemu kubwa, yamehamia hospitalini na katika duka la dawa. Mama akishika mimba tu, huanza kuitwa mgonjwa. Mjane asipopata usingizi usiku wa tatu baada ya mazishi, watoto wake humnunulia vidonge. Je, tumefanya vyema? Jibu ni kwamba kuna mahali tumefanya vyema sana, na kuna mahali tumepoteza kitu. Ni juu ya mume na mke kujua tofauti, kwa maana asiyejua tofauti huweza kukosea pande zote mbili: kukaa nyumbani wakati wa kukimbilia hospitali, au kukimbilia vidonge wakati wa kushikana mikono na kulia.

Jina lililobeba saa ya kuzaliwa

Huku kwetu Kericho na Bomet si wageni wa dawa. Wazee husimulia kwamba hata jina la mji wa Kericho lina uhusiano na neno la Kikipsigis kerichek, yaani dawa. Lakini wazee hao hao hawakuuhesabu uzazi kuwa ugonjwa. Tazama majina yetu. Kipkoech na Chepkoech walizaliwa alfajiri. Kibet na Chebet walizaliwa mchana, Kiplangat na Chelangat jioni. Kiprop na Cherop walikuja na mvua. Mtoto alipokewa pamoja na saa yake na hali ya hewa ya siku ile, na jina likawa kumbukumbu ya nyumba nzima.

Tena palikuwa na jina jingine, kurenet. Akina mama waliohudhuria uzazi walitaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto alipopiga chafya. Jina lililotajwa wakati wa chafya ndilo lililokuwa lake. Hatuyataji haya ili tuwaagize wana ndoa warudie desturi ya zamani. Tunayataja ili tuone jambo moja: siku ya kuzaliwa watu waliwakumbuka waliokufa. Kuzaa na kufa vilikaa katika nyumba moja, na watu wa nyumba hiyo walijua la kufanya katika yote mawili.

Shukrani kwa hospitali

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Akina mama wengi walikufa, na watoto wengi pia. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika nchi yetu, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi. Hayo ni makaburi 355 na nyumba 355 zilizobaki bila mama. Sababu kubwa kuliko zote ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na damu hiyo huweza kumaliza maisha ya mama kwa muda mfupi kuliko safari ya kutoka kijijini hadi barabara ya lami wakati wa mvua.

Ndiyo maana ilikuwa habari njema serikali ilipotangaza, tarehe 1 Juni 2013, kwamba akina mama wasitozwe malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba asilimia 43 tu ya watoto walizaliwa katika kituo cha afya. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 61, na kufikia mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 8 kati ya 10. Baba anayemwambia mke wake, "Mama yangu alituzaa sote nyumbani," na amkumbuke pia shangazi au jirani aliyezaa nyumbani asiamke tena.

Waliochunguza vifo hivi wanataja kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni la hospitali. La pili ni la barabara na nauli. Lakini la kwanza ni letu wenyewe. Mara nyingi mke husubiri ruhusa ya mume, na mume yuko mbali, au yuko kwenye chang'aa, au simu yake imezimwa.

Pale tunapopoteza kitu

Sasa tugeukie upande wa pili. Kwenda hospitali ni jambo moja, na kuufanya uzazi kuwa ugonjwa ni jambo jingine. Mama mwenye afya, mwenye uchungu unaoendelea vizuri, si mgonjwa. Anafanya kazi, tena kazi nzito kuliko kuchuma majani chai kutwa nzima. Anahitaji kulindwa, kupewa maji, kutiwa moyo, na kuwa na mtu wake karibu.

Kwa miaka mingi wauguzi na madaktari walifundishwa kwamba njia ya uzazi inapaswa kufunguka walau sentimita 1 kwa kila saa. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya daktari mmoja wa New York, Emanuel Friedman, aliyechora mwendo wa uchungu wa akina mama 500 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, akaandika habari zake mwaka 1955. Mama aliyekwenda polepole kuliko mchoro ule alihesabiwa kuwa na kasoro. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba akina mama wengi huenda polepole zaidi na huzaa salama, na kwamba mwendo huo peke yake si sababu ya kuharakisha uchungu kwa dawa wala kumpasua mama. Mwongozo huo huo unapendekeza kila mama awe na mwenzi wa kumsindikiza, amchague mwenyewe, na pia achague namna ya kukaa au kulala anapojifungua.

Kadhalika kuhusu upasuaji. Upasuaji unaohitajika huokoa maisha, na mke aliyejifungua hivyo asiambiwe kamwe kwamba "hakuzaa". Lakini mwaka 2015 Shirika hilo lilieleza kwamba upasuaji ukizidi asilimia 10 ya uzazi wote wa nchi, vifo vya akina mama na watoto havipungui zaidi kwa ajili hiyo. Kwa hiyo si vibaya mume na mke kumuuliza daktari kwa adabu: "Sababu ni nini? Kuna hatari gani tukingoja?" Daktari mwema hachukizwi na swali. Na akisema ni dharura, msibishane, tieni sahihi.

Kilichopotea hasa ni nafasi ya watu wa nyumbani. Uzazi ukishaitwa ugonjwa, mume hujiona hana kazi. Humwacha mkewe getini, hulipa nauli, hurudi kusubiri simu. Hivyo tendo kubwa kuliko yote ya ndoa yao hutokea kati ya mke na watu asiowajua.

Cheti cha daktari kwa ajili ya machozi

Msiba nao umepatwa na jambo kama hilo. Tazama Sheria ya Kazi ya mwaka 2007. Inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 na baba wiki 2. Inampa mgonjwa siku 7 kwa malipo kamili na siku 7 nyingine kwa nusu malipo, akileta cheti cha daktari. Lakini likizo ya msiba imeachwa kwenye makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi. Basi mfanyakazi wa shamba la chai aliyefiwa, siku alizokubaliwa zikiisha na moyo haujatulia, afanye nini? Huenda zahanati na kusema anaumwa kichwa. Cheti hakitolewi kwa machozi, hutolewa kwa ugonjwa, na kwa njia hiyo huzuni hupewa jina la ugonjwa ili ipate siku mbili za kupumzika.

Hata wakubwa wa elimu ya akili wamevutana juu ya jambo hili. Kitabu cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo la mwaka 1994, kiliwaambia madaktari kwamba kwa kawaida wangoje miezi 2 kabla ya kumwita mfiwa mgonjwa wa sonona, yaani huzuni iliyozidi hata kuwa ugonjwa. Mwaka 2013 angalizo hilo liliondolewa, na wengi wakalalamika kwamba sasa mjane wa wiki mbili anaweza kuandikiwa dawa. Baadaye ukatajwa ugonjwa wa huzuni ya msiba isiyokwisha. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inataka ipite walau miezi 6 kabla ya kuutaja, na toleo la Marekani la mwaka huo huo linataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Maana yake ni kwamba wataalamu wenyewe wanakiri: kulia, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, hata kuhisi kama marehemu angali sebuleni, katika miezi ya kwanza si ugonjwa. Ni upendo uliokosa mahali pa kukaa.

Chukua mfano wa mume na mke waliopoteza mtoto aliyezaliwa mfu. Siku ya tatu mume amerudi kuchuma chai, kwa sababu mwanamume ameambiwa asilie. Mke amebaki nyumbani na maziwa yanayotoka bila mtoto wa kuyanyonya. Mume akirudi jioni humkuta analia, huogopa, humletea dawa ya usingizi. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Lakini mke amesikia neno jingine: "Nyamaza." Na dawa za usingizi kama diazepamu humzoesha mtu, hata asiweze kulala bila hizo. Baada ya mwaka nyumba ina watu wawili waliofiwa na mtoto mmoja, na hawajawahi kulitaja jina lake pamoja. Wengine huachana hivyo, nao hawajui ni nini kilichowatenganisha.

Sura moja, mafundisho mawili

Anayesoma Maandiko Matakatifu afungue kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Sehemu ya kwanza inatufundisha kumheshimu daktari na kutodharau dawa, kwa kuwa Mungu ndiye aliyezitoa katika ardhi. Sehemu inayofuata inatufundisha kumlilia marehemu kwa uchungu, kumzika kwa heshima, kisha kukubali kufarijiwa. Mambo haya mawili yamewekwa bega kwa bega, na hakuna lililochukua nafasi ya jenzake.

Mume na mke wafanye nini?

1. Amueni mapema. Kabla ya mwezi wa nane, semeni ni hospitali ipi, gari la nani, na fedha zipi. Wekeni kando sehemu ya bonasi ya chai. Mke awe na ruhusa ya kuondoka hata kama mume hayupo.

2. Zijueni dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni. Hapo msingoje asubuhi.

3. Mume asiishie getini. Aulize kliniki mapema kama mwenzi anaruhusiwa kuingia. Kama baba haruhusiwi, mama mkwe au dada aruhusiwe. Akikataliwa kabisa, akae karibu, mke ajue yupo.

4. Mkifiwa, lieni pamoja. Mtajeni marehemu kwa jina, hata kama ni mtoto ambaye hakupumua. Iombeni jumuiya irudi baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu, maana siku ya mazishi watu ni wengi, ila uji wa wiki ya sita hauletwi na mtu.

5. Mjue wakati wa daktari. Mfiwa au mama mzazi anayesema heri afe, anayesikia sauti, asiyeweza kumhudumia mtoto mchanga, aliyezama katika pombe, au ambaye miezi inapita wala hapati nafuu hata kidogo, huyo apelekwe bila kuona aibu. Mwenye huzuni mpewe muda, mwenye ugonjwa apewe tiba.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Usiku mmoja wa juma hili, watoto wakilala, ulizaneni:

Siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mimi nilikuwa wapi, na wewe ulitamani niwe wapi?

Ni nani tuliyempoteza ambaye hatumtaji tena nyumbani humu?

Kuna dawa ninayoimeza ambayo kwa kweli ilikuwa neno nililotaka kukuambia?

Mume na asianze kujibu kabla mke hajamaliza, wala mke asimkatize mume. Na kama jibu litakuwa machozi, msikimbilie kabati la dawa. Sogezeni viti karibu.